Kazi za mtandaoni bila digrii: kabla hujapiga makofi

1/ Kila kampeni utaskia hii: "Vijana watafanya kazi mtandaoni wakiwa nyumbani, digrii si lazima." Ni ukweli ama ni siasa? Vyote viwili.

2/ Kazi zipo: kusikiliza rekodi na kuziandika, kujibu wateja, kuweka alama kwenye picha za kufunza akili mnemba. Serikali ilianzisha Ajira Digital mwaka wa 2016 kwa sababu hiyo. Wateja wengi hawaulizi cheti, wanataka kazi safi.

3/ Shida iko hapa. Aliyeajiriwa akikatwa 6% ya NSSF, mwajiri naye anaongeza 6%. Wengi wa mtandaoni huhesabiwa wamejiajiri, kwa hivyo hakuna wa kuwaongezea. Stima na bando ni juu yako. Akaunti ikifungwa leo, kesho huna kazi, na notisi hakuna.

4/ Basi mgombea akikuahidi hizi kazi, muulize: Nisipolipwa, nitamshtaki nani? Pensheni yangu itachangiwa na nani? Intaneti itafika wodi yetu lini?

5/ Akikwepa hayo matatu, jua hajakuahidi ajira. Amekwambia tu ujitafutie.