Kichwa Kikiuma Mlimani, Usipande Zaidi

Mkazi wa Kitengela anayekwenda Loitokitok, Kajiado, kwa wikendi ya Pasaka hana la kuhofia: mji uko chini ya mita 2,000. Hatari huanza anapoutazama Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka, akaamua kufika kileleni, mita 5,895, kwa siku hizo nne. Kuanzia takriban mita 2,500 hewa huwa nyepesi na mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea. Nguvu za ujana hazikingi. Kwanza kichwa huuma, kisha kichefuchefu na kukosa usingizi. Wengi husingizia uchovu (au bia ya jana). Hapo usipande zaidi. Mgonjwa akipepesuka, akichanganyikiwa au akihema hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja, hata usiku.