Laini mbili za mtandao, lakini huduma bado inakatika: Tatizo ni nini?

Umefika benki, unaambiwa mtandao hakuna. Cha ajabu, tawi hilo linaweza kuwa linalipia laini mbili, ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo.

Wakati mwingine laini zote mbili ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba data inazunguka kati ya ruta bila kufika inakokwenda.

VPN ipi hii?

Si ile app ya kwenye simu. Hii ni VPN ambayo kampuni za mawasiliano huwauzia wateja wakubwa. Matawi yote yanaunganishwa kupitia mitambo ya mtoa huduma, lakini data ya kila mteja inatengwa na ya wengine. Utaratibu wake umeelezwa kwenye waraka wa kiufundi wa kimataifa, RFC 4364, wa mwaka 2006.

Uvumi unaorudi ulikotoka

Ruta huambiana njia. Tuseme tawi lina ruta mbili, A na B, kila moja na laini yake. Ruta A inamtangazia mtoa huduma kuwa kompyuta za tawi ziko upande wake. Taarifa hiyo inasambaa kwenye mitambo, kisha inaingia tena tawini kupitia ruta B.

Ni kama ujumbe ulioutuma WhatsApp, ukazunguka makundi kadhaa, halafu ukakurudia kama habari mpya.

Sasa, mtandao wa ndani ukikatika, ruta A inafuta taarifa yake. Lakini B bado ina ile ya zamani, na inaamini mtoa huduma anajua njia. Inamwambia A, na A inamtangazia tena mtoa huduma. Kila mmoja anamtegemea mwenzake, kumbe hakuna anayeijua njia. Paketi zinabaki kurushwa huku na huku.

Kila paketi ina hesabu inayopungua kwa 1 inapopita ruta. Ikifika 0, inatupwa. Kiwango cha juu ni 255. Linux kwa kawaida huanza na 64, Windows 128. Paketi iliyoanza na 64 ikinaswa kati ya ruta mbili, inaweza kupita laini ileile zaidi ya mara 50. Laini inajaa, hata huduma zisizohusika zinakwama.

Kinga ipo, ila hulegezwa

BGP, lugha ambayo ruta hutumia kutangaziana njia, ina kinga yake. Namba ya kila mtandao uliopitiwa huandikwa kwenye njia. Ruta ikiona namba yake yenyewe, inaikataa njia hiyo.

Shida ni kwamba kampuni nyingi hutumia namba moja kwa matawi yote. Hapo tawi la Mwanza litakataa njia za Mbeya, likidhani ni zake. Ili yawasiliane, mtoa huduma hufuta namba ya mteja na kuweka yake. Matawi yanaongea, lakini mlinzi ameondolewa mlangoni.

Dawa yake

Mafundi wa mtoa huduma huweka alama ya tawi, inayoitwa SoO. Njia ikitoka tawini inapigwa muhuri. Ikitaka kurudi kwa laini ya pili, inazuiwa. Alama lazima ifanane kwenye laini zote mbili. Zikitofautiana, kinga hakuna.

Kwa wanaotumia OSPF, mtoa huduma huwasha biti ya DN kwenye njia anazompa mteja. Ruta yake nyingine ikiiona biti hiyo, haiitumii njia hiyo. Utaratibu huu uko kwenye RFC 4577, pia ya 2006. Ila ruta ya mteja ikihamisha njia kutoka lugha moja kwenda nyingine, biti hiyo hupotea. Hapo inabidi fundi aweke lebo na vichujio mwenyewe.

Cha kuangalia

Fundi akifuatilia njia ya paketi na kuona anwani mbili au tatu zinajirudia, huo ndio mzunguko wenyewe.

Jaribio rahisi ni kukata laini moja makusudi usiku, wakati hakuna wateja, kisha kuirudisha. Tawi ambalo halijawahi kufanya hivyo halijui kama laini ya pili ni akiba au ni mtego.