Akisema yu salama, muulize amekula nini

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuwa na habari za vyuo vikuu wakati huo, lakini maneno yao yanawahusu barabara maelfu ya vijana ambao kila mwaka, ifikapo Agosti na Septemba, hufunganya virago na kuaga makwao kwenda kuanza masomo katika miji wasiyoijua.

Huko Munje, kijiji cha wavuvi na wakulima karibu na Msambweni katika pwani ya kusini, safari ya kijana kwenda chuoni si jambo la nyumba moja. Ni shughuli ya mtaa mzima. Mjomba atatoa chake, shangazi atauza mbuzi, wazee watasoma dua msikitini, na akina mama watachanga nazi, mchele na leso mpya. Siku ya kuondoka, kijana husindikizwa hadi barabara kuu iendayo Likoni, mkononi ana begi moja na kichwani ana matumaini ya watu hamsini.

Ni matumaini hayo, zaidi ya baridi na chakula kigeni, ambayo aghalabu humlemea kijana akiwa ugenini. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuyabeba.

Bara si pwani

Kwa miaka mingi kijana wa pwani aliyetaka kusomea shahada katika chuo cha umma hakuwa na budi kwenda bara. Mombasa kulikuwa na Polytechnic, iliyopata jina hilo mwaka 1972, lakini ilijulikana kwa vyeti na stashahada. Mwaka 2007 ndipo taasisi hiyo, pamoja na ile ya Pwani huko Kilifi, zilipofanywa vyuo vikuu vishiriki, na mwaka 2013 zote mbili zikawa vyuo vikuu kamili. Hata hivyo, nafasi za masomo hugawanywa kitaifa. Kijana wa Munje angali anaweza kujikuta ameitwa Eldoret, Njoro au Maseno, kama vile wa Kisii anavyoweza kuletwa Kilifi.

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezoea kulala na dirisha wazi, akisikia mawimbi, hulala huko akiwa amevaa soksi na sweta, na leso ya mamake ameifunika juu ya blanketi. Mezani anakuta githeri na sukumawiki isiyojua tui la nazi. Sima yenyewe inaitwa ugali. Akitamani mahamri na mbaazi, atayatamani hadi likizo.

Lugha nayo ina vituko vyake. Nyumbani amekulia Kidigo na Kiswahili. Darasani mhadhiri anamwaga Kiingereza, na bwenini wenzake wanasema Sheng. Akifungua kinywa, wanamwomba arudie alichosema ili wafurahie lafudhi. Mara ya kwanza hucheka nao. Mara ya ishirini huamua kunyamaza. Kule kwao kumpita mtu bila kumwamkia ni ukosefu wa adabu. Hapa akiwaamkia watu ukumbini, wanamtazama kana kwamba anataka kuwakopa pesa. Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, huamka peke yake gizani na kula daku ya mkate na chai, huku akikumbuka vishindo vya sufuria za nyumbani.

Lakini hayo yote huzoeleka. Muhula mmoja ukipita, baridi hupoa, githeri hulika, na Sheng huja yenyewe mdomoni. Kuna jambo jingine lisilozoeleka.

Bamvua na maji mafu

Jambo hilo ni pesa, na hasa aibu inayofuatana nazo.

Katika kalenda ya mvuvi, Agosti ni wakati wa kusi, upepo unaoanza kuvuma mnamo Aprili na kuichafua bahari hadi karibu Septemba. Vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali, na samaki huwa haba. Nafuu huja kaskazi inapoanza, mnamo Novemba, na maembe nayo huiva mwishoni mwa mwaka. Maana yake ni kwamba chuo hudai karo wakati uleule ambapo nyumba ya mvuvi haina kitu.

Tegemeo la wengi ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Kaunti ya Kwale nayo imekuwa na mpango wake wa kufadhili masomo, Elimu ni Sasa. Hata hivyo, mkopo unahitaji makaratasi, wadhamini na kitambulisho, na si ajabu pesa zikachelewa kufika wiki kadhaa baada ya masomo kuanza. Mwaka 2023 serikali ilileta utaratibu mpya wa ufadhili uliozingatia uwezo wa kila familia, utaratibu uliozua malalamiko na kufikishwa mahakamani. Mwalimu anayo hati ya mshahara ya kuonyesha. Je, mvuvi aonyeshe nini? Nyavu?

Kwa jamii za Wamakonde na Wapemba wa Kwale, hali ilikuwa mbaya zaidi. Wamakonde walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2016, na Wapemba mwaka 2023. Kabla ya hapo, vijana wao wengi hawakuwa na kitambulisho cha kuombea mkopo, hata wangefaulu vipi mtihani.

Kisha siku moja pesa huingia, tena kwa mkupuo. Kijana ambaye hajawahi kushika fedha za miezi minne kwa pamoja hudhani bahari imejaa na haitakupwa. Hununua viatu, huwakopesha wenzake, hujaribu bahati katika michezo ya kubashiri mpira kwa simu. Baba yake angemwambia kwamba bamvua haidumu, na kwamba baada yake huja maji mafu. Lakini baba hakuulizwa, naye hakujua kwamba pesa zimeingia.

"Niko salama, mama"

Mnamo 2011 nilikuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari katika chuo kimoja jijini Nairobi. Nilipanga chumba na mwenzangu huko Kayole. Katika muhula wa pili mwenzangu alihama usiku bila kuaga na kuniachia malimbikizo ya kodi ya miezi mitatu. Nililipa kwa pesa za karo, zilezile zilizotokana na mbuzi wa shangazi.

Sikumwambia mtu. Kila Ijumaa baada ya sala mama aliazima simu ya jirani na kunipigia, nami nilimjibu neno moja: niko salama. Mchana nilikunywa chai kwa mandazi mawili, usiku nilikunywa maji. Orodha ya watahiniwa ilipobandikwa, jina langu halikuwemo. Ijumaa hiyo mama aliniuliza masomo yanaendeleaje, nikamwambia yanaendelea vizuri.

Ningewezaje kusema vinginevyo? Ukichangiwa na mtaa mzima, kukwama kwako unakuona kama wizi. Kila sahani uliyopewa siku ya kuaga inakujia usingizini ikidai.

Aliyeniokoa ni mjomba. Wadigo tangu jadi humpa mjomba nafasi kubwa katika malezi, na nadhani ndiyo maana alithubutu. Alipiga simu usiku mmoja, na baada ya salamu hakuuliza habari za masomo. Aliuliza, "Jana usiku umekula nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilinyamaza. Naye akanyamaza, kisha akasema, "Basi, nimesikia."

Siku iliyofuata alinitumia shilingi 1,500 kwa M-Pesa, na jioni akaenda mwenyewe kumweleza mama ili nisiwe mimi wa kuanza. Hakuna aliyenitukana. Nilirudia muhula na kumaliza nikiwa nimechelewa, nikamaliza. Baadaye mama aliniambia kwamba alishashuku zamani: nilikuwa nimeacha kumuuliza wamepika nini nyumbani.

Tufanye nini?

Mzazi mwenzangu, kabla mwanao hajapanda basi, mtamkie kwa maneno, usidhani anajua, kwamba siku atakayokwama nyumbani kuna mlango wazi. Mwambie kuwa kuanguka mtihani mmoja si mwisho wa dunia. Vyuo vina mitihani ya marudio, na vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu ya msingi, mradi mwanafunzi aombe mapema badala ya kutoroka.

Fedha mpelekee kidogo kidogo, ikiwezekana kila wiki. Zile za mkopo zikiingia, kaeni mzipangie pamoja hata kama ni kwa simu. Umteulie pia mtu mmoja asiyekuwa wewe, mjomba au shangazi au kakaye mkubwa, ambaye anaweza kumweleza mambo asiyoweza kukueleza wewe. Na ukiona amepunguza kupiga simu, anauza vitu vyake au analala mchana kutwa, usingoje akupigie.

Nawe mwanafunzi, wiki ya kwanza itafute afisi ya mkuu wa maslahi ya wanafunzi na ya washauri nasaha, ungali hujapata shida. Jiunge na chama cha wanafunzi wa dini yako au wa eneo lako. Hapo ndipo utakapopata wa kula naye daku. Omba mkopo mapema. Na usihesabu mchango wa kijiji kuwa deni la fahari. Waliokuchangia walitaka usome, hawakukuomba uwadanganye.

Mwisho, neno kwa jamaa wa mjini wanaosoma ukurasa huu baada ya chakula cha mchana. Huenda katika ploti yenu, chumba cha nyuma, kuna mwanafunzi aliyetoka mbali. Mnamwona akipita na mkoba wake, anasalimu kwa adabu, anasema hajambo. Jumapili ijayo mwiteni aje ale. Si lazima kiwe chakula cha kwao, wala si lazima mumhoji. Mpeni sahani, mkae naye, na mumwache aseme akiwa tayari.