Kumtafuta Mkosaji Miongoni mwa Modi

Kijana wa Nyabiyonza, wilayani Karagwe, apendaye kuendesha mabasi katika Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu iliyotolewa na Maleo mwaka 2017, au malori katika Euro Truck Simulator 2, ambayo SCS Software ya Ucheki iliitoa kwa kompyuta mwaka 2012, aghalabu hatosheki na magari aliyoyakuta humo, bali hutafuta modi, yaani mafaili ya nyongeza yatengenezwayo na wachezaji wenyewe, ili basi lake lifanane na yale yaingiayo Kayanga. Na haja hiyo ni njema. Taabu huanza pale modi zinapokuwa nyingi, gemu ikawa inajitoa yenyewe, na mwenyewe, kwa ghadhabu, akaifuta yote na kuipakua upya kwa bando alilolipata kwa shida, kisha akazirudisha modi zile zile na kuyakuta yale yale.

Namsihi asifute kitu kabla ya kupata yakini.

Ajue kwanza asili ya ugomvi. Katika Euro Truck, modi haikai kando ya gemu, bali huyafunika mafaili yake: modi mbili zikiwa na faili la jina moja mahali pamoja, ile iliyo juu katika orodha ndiyo isomwayo, na ya chini huwa kana kwamba haipo. Mara nyingi hapana madhara. Lakini ichukuliwe modi ya kuongeza malipo ya safari, iliyobeba nakala nzima ya faili la economy_data.sii kama lilivyokuwa zamani: likitoka toleo jipya la gemu lenye mistari mipya katika faili hilo, modi italifunika jipya kwa kuukuu, mistari ile itakosekana, na gemu huenda ikaanguka, ingawa modi yenyewe haina kosa ila uzee.

Ushahidi umo katika faili la game.log.txt, ndani ya folda ya gemu iliyomo Documents. Humo mistari hutanguliwa na muda uliopita tangu gemu ilipofunguliwa, modi zilizowashwa zimetajwa kwa majina, na penye hitilafu pameandikwa <ERROR>. Linakiliwe kabla ya kuifungua gemu tena, maana kila ikifunguliwa faili hilo huandikwa upya na ushahidi wa jana hupotea. Walakini mstari wa mwisho usitwaliwe kuwa ndio hukumu. Makosa mengi yaandikwayo humo gemu huyavumilia siku zote, na modi iliyotajwa mwisho yaweza kuwa ndiyo iliyodhuriwa na nyingine.

Penye shaka, au kwenye simu ambako mchezaji hapati faili kama hilo, hapana njia bora kuliko kugawa nusu kwa nusu. Mwenye Euro Truck anakili kwanza profaili yake, ajaribie kwenye profaili mpya. Kisha izimwe nusu ya modi. Gemu ikitulia, mkosaji yumo katika nusu iliyozimwa. Ikianguka, yumo katika iliyobaki. Na nusu hiyo igawanywe tena. Modi 64 huishia kwa moja baada ya majaribio 6 tu, ilhali mwenye kuzima moja moja aweza kupita majaribio 60.

Lakini yatokea nusu zote mbili zikawa salama kila moja peke yake, na zikikutanishwa tu gemu ikaanguka. Hapo wengi hukata tamaa, na kumbe wamekaribia mno: wakosaji ni wawili, mmoja katika kila nusu. Iachwe nusu ya kwanza nzima, igawanywe ya pili mpaka mmoja apatikane. Kisha huyo abaki amewashwa, na ile ya kwanza igawanywe hadi apatikane mwenziwe. Modi zitegemeanazo, kama vipande vya ramani moja, zisitenganishwe katika kugawa, kwani kuwatenga ndugu hao huzua anguko jingine lisilohusiana na la kwanza.

Wawili hao wakishajulikana, ajaribu kuwabadilishia nafasi katika orodha, kisha amtafutie kila mmoja toleo jipya, na likikosekana ndipo achague wa kubaki. Zile 62 hazikuwa na hatia, na aziwashe zote.