Anayenunua kompyuta ipozwayo kwa maji asihadaike na taa

Mpwa wangu, kijana anayejipatia riziki kwa kuhariri video za arusi na mazishi mtaani Umoja, Nairobi, alinijia jioni moja mnamo Novemba 2023 akiwa na picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya kompyuta, au tarakilishi kama wanavyotusisitizia wasanifu wa lugha, iliyotiwa ndani ya kasha la kioo lenye taa za rangi ya zambarau. Humo ndani mlikuwa na mipira miwili myeusi iliyojipinda kama nyoka. "Mjomba," akaniambia kwa fahari, "hii hupozwa kwa maji." Bei yake ilikuwa shilingi 385,000. Yeye alikuwa na 240,000 alizodunduliza kwa miaka miwili, na zilizopungua alitaka nimkopeshe.

Sikustaajabu kwamba mhariri wa video aliitaka mashine ya kuchezea michezo. Kompyuta iwezayo kuuendesha mchezo mzito bila kukwama ndiyo hiyo hiyo iwezayo kuimaliza video ya saa tatu kabla bwana arusi hajaanza kupiga simu za hasira. Kilichonishangaza ni hayo maji. Sisi tuliolelewa kwa kukanywa tusiweke hata kikombe cha chai karibu na redio, leo tunaambiwa kwamba maji yatiwe ndani ya mtambo wa umeme, tena tulipe zaidi kwa ajili hiyo! Hata hivyo nilitoa fedha. Arubuni ikapelekwa kwa simu, na baada ya wiki tatu mashine ikaletwa kwa teksi na kijana aliyeiunda mwenyewe, mwenye adabu na maneno matamu.

Kwa miezi 14 hatukuwa na la kulalamikia. Mnamo Februari 2025 mashine ikazimika katikati ya kazi ya mteja. Ikiwashwa, hudumu dakika tatu au nne kisha huzimika tena. Mpwa wangu alipompigia muuzaji, alijibiwa kwa upole ule ule wa mwanzo kwamba waranti ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa umekwisha pita.

Kabla sijamlaumu mtu, yafaa niseme kwamba maji yenyewe hayana hatia. Umeme wote unaotumiwa na kompyuta huishia kuwa joto, na joto hilo sharti liondolewe. Prosesa za kwanza za Pentium, zilizotolewa na Intel mwaka 1993, zilitumia wati 15 hivi, na kipande cha alumini pamoja na kijifeni vilitosha kuzipoza. Core i9-14900K ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 2023, yaweza kufikia wati 253 ikibanwa na kazi, ilhali kadi ya michoro ya Nvidia iitwayo RTX 5090, iliyotoka mwaka 2025, imekadiriwa wati 575. Huo si uchakataji wa hesabu tena, ni jiko! Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Kwa hivyo pampu ndogo huyasukuma maji yapite juu ya prosesa, yalichukue joto, yaende kwenye rejeta yenye feni, yapoe, kisha yarudi. Dereva yeyote wa matatu aliyewahi kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru akiwa na mtungi wa maji chini ya kiti anaujua mpango huu kuliko mimi.

Wala si jambo jipya. IBM iliipoza kwa maji mashine yake ya System/360 Model 91 katika miaka ya 1960, na kompyuta kuu ya Cray-2 ya mwaka 1985 sehemu zake zilizamishwa ndani ya umajimaji usiopitisha umeme. Apple ilipoitumia njia hii mwaka 2004 katika Power Mac G5 zake zenye kasi kubwa, baadhi zilikuja kuvuja baada ya miaka kadhaa na kuharibika. Somo lililopatikana hapo ni kwamba maji hutaka mlinzi. Wenye mashine za IBM walikuwa na wahandisi waliokuja kuzikagua. Mwenye kompyuta moja chumbani Umoja hana mhandisi ila yule aliyemuuzia.

Ijulikane pia kwamba jina hili la "kupozwa kwa maji" hufunika vitu viwili tofauti. Kipo kifaa kilichofungwa kiwandani, pampu, mipira na rejeta vikiwa kitu kimoja, ambacho mnunuzi hakifungui kamwe. Maji yake hupungua polepole kwa kupenya kwenye kuta za mipira, na pampu ikifa, kifaa chote hutupwa. Tena upo mfumo unaoungwa kwa mkono, bomba kwa bomba, wenye tangi la kioo na maji ya rangi unayoyaona katika picha za kutamanisha. Huu hupendeza mno, na kero zake si chache. Maji yake hubadilishwa kila mwaka au mapema zaidi. Rangi nzito huziba vijinjia vyembamba vilivyo juu ya prosesa. Na fundi akichanganya sehemu za shaba na za alumini katika mzunguko mmoja, alumini huanza kuliwa. Aulizaye bei bila kuuliza ni aina ipi kati ya hizi mbili ni kama anunuaye ng'ombe kwa kuambiwa rangi yake.

Basi turudi kwa mpwa wangu. Tuliibeba mashine hadi kwa fundi mmoja katika barabara ya Luthuli, mzee wa makamo ambaye kabla ya kompyuta alikuwa akitengeneza redio. Hakuiwasha. Aliondoa kioo, akaangalia kwa muda, kisha akauliza, "Nani aliyeilaza rejeta hapa chini?"

Hatukuelewa. Akatueleza kwamba ndani ya kifaa kilichofungwa daima mna hewa kidogo, na hewa hupanda juu. Rejeta ikiwekwa juu ya kasha, au ikisimamishwa mbele sehemu yake ya juu ikiwa imeipita pampu kwa kimo, hewa hukaa humo bila madhara. Ikilazwa sakafuni mwa kasha, pampu ndiyo huwa kilele cha mzunguko, na hewa yote hukusanyika ndani yake. Pampu inayozungusha hewa haina kitu cha kuilainisha wala kuipoza, nayo huchakaa kabla ya wakati wake. Mpwa wangu akakumbuka kwamba tangu mwezi wa kwanza alikuwa akisikia mlio kama wa maji yanayochemka mbali, akadhani ndivyo mashine hizi zilivyo.

Kwa nini basi ililazwa chini? Fundi alionyesha kwa kidole. Feni tatu za rejeta zilikuwa na taa, na kutoka chini zilimulika kasha zima hata picha ikapendeza. Aliyeiunda alikuwa ameijali kamera kuliko pampu.

Jambo la pili alilotuambia lilituuma zaidi. Prosesa iliyokuwamo ni AMD Ryzen 7 7800X3D, ambayo kiwango chake ni wati 120, na michezo mingi hata haiifikishi hapo. Haikuhitaji maji kabisa. Kipozeo cha hewa chenye minara miwili ya alumini na feni mbili kingeitosha, na kifaa hicho hakina pampu ya kufa wala maji ya kuvuja. Feni yake ikiharibika, mtu hununua nyingine akaifunga mwenyewe kwa bisibisi. Tulikinunua papo hapo kwa shilingi 7,500. Mashine ikawaka, na hadi leo inafanya kazi.

Sisemi kwamba maji ni ya bure kwa kila mtu. Mwenye prosesa ya wati 250 anayeichapisha kazi kutwa, au anayetaka utulivu kwa kuwa anarekodi sauti chumbani humo humo, ana sababu. Mkazi wa Mombasa asidanganywe, lakini, kwamba maji yatampa ubaridi ambao chumba chake hakina. Chumba kikiwa na nyuzi 32, maji nayo hayawezi kushuka chini ya 32, na joto lililotolewa kwenye prosesa humwagwa humo humo chumbani alimoketi. Katika hali kama hiyo dirisha lina faida kuliko rejeta.

Kinachonikera hasa ni habari ya waranti. Watengenezaji mashuhuri wa vifaa hivi vilivyofungwa huvitolea waranti ya miaka 5 au 6, na baadhi yao hata hufidia sehemu nyingine zilizoharibiwa na uvujaji ikithibitika kwamba kosa ni la kiwanda. Pampu ya mpwa wangu ilikuwa imebakiwa na miaka kadhaa ya waranti ya kiwandani! Kwa nini hatukuidai? Kwa sababu anayedai huulizwa risiti ya ununuzi wa kifaa chenyewe. Risiti yetu iliandikwa maneno haya tu: "Kompyuta ya michezo, moja." Pampu alikuwa ameiagiza muuzaji kutoka ng'ambo kwa jina lake, na maboksi alikuwa amebaki nayo. Waranti ya miaka ilikuwa imekatwa kimyakimya ikawa ya mwaka mmoja, na sisi tulikuwa tumetia sahihi tukichekacheka.

Nawaelewa waundaji hawa, na wengi wao ni vijana waliojiajiri kwa jasho lao. Huagiza sehemu kwa dola na kuuza kwa shilingi, na Januari 2024, dola ilipopita shilingi 160, aliyekuwa amekubaliana bei miezi miwili kabla huenda aliuza kwa hasara. Aidha, si hapa petu tu ambapo mteja hubaki mikono mitupu. Artesian Builds, kampuni ya California iliyokuwa ikiunda kompyuta za wachezaji huku ikiwaonyesha watazamaji kazi hiyo kwenye intaneti, ilisimamisha shughuli zake Machi 2022 na kufilisika, ikawaacha wateja waliokuwa wamekwisha kulipa wakisubiri mashine ambazo hawakuwa wamepokea. Hata hivyo, kumwelewa mfanyabiashara si kumsamehe risiti. Kuandika jina la kila sehemu na nambari yake hakumgharimu hata shilingi moja, na kumkabidhi mteja maboksi yake ni kumpunguzia mwenye duka mzigo.

Mtu anayekusudia kutoa arubuni leo na aulize kwanza, akiwa bado na fedha mfukoni, kwa kuwa baada ya hapo maswali yake hayatakuwa na uzito. Rejeta itakaa wapi? Pampu ikifa mwaka wa pili, nani ataishughulikia? Maji yakiimwagikia kadi ya michoro, ambayo mara nyingi ndiyo ghali kuliko vyote humo ndani, nani atailipa? Je, mashine ikisafirishwa hadi Kisumu au Eldoret, sponji zilizojazwa ndani ya kasha zitatajwa kwa maandishi, asije mtu akaiwasha bila kuzitoa? Muuzaji anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, na ile ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 humchukulia muuzaji kuwa ameahidi bidhaa ya ubora unaofaa hata kama hakutamka neno. Mashine iliyofungwa vibaya na aliyeiuza, kwa maoni yangu mimi nisiye wakili, haiponi kwa kisingizio kwamba mwaka umekwisha. Nilimhimiza mpwa wangu aende katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilifunguliwa Milimani mwaka 2021 kusikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi katika siku 60. Alinitazama kwa huruma. "Mjomba," akasema, "nina arusi tatu mwezi huu." Nikanyamaza, ingawa hadi sasa naamini alikosea, na nadhani wauzaji wa aina hii huishi kwa kutegemea arusi hizo tatu.

Ile rejeta hakuitupa. Ameitundika ukutani juu ya meza yake, mipira yake ikiwa imening'inia. Juma lililopita nilimkuta na kijana wa jirani aliyekuja na simu mkononi kumwonyesha picha ya kompyuta ya kioo yenye taa za samawati, akitaka kujua kama shilingi 410,000 ni bei nzuri. Mpwa wangu hakuitazama bei. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaanza kuitafuta rejeta.