Gari dogo la dizeli: Nafuu katika safari, mzigo katika foleni

WANUNUZI wanaozuru yadi za magari yaliyotumika jijini Nairobi na Mombasa huvutiwa sana na magari madogo ya dizeli. Hutumia mafuta kidogo na hupanda milima bila kulalamika. Hata hivyo, baadhi ya waliojinyima kwa miaka mingi ili kuyapata hujikuta gereji kabla ya mwaka kuisha, wakidaiwa fedha wasizotarajia.

Kosa huanza mapema. Mnunuzi huuliza gari linakula mafuta kiasi gani, lakini hajiulizi yeye mwenyewe husafiri vipi.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huibana hewa hadi ikapata joto la kuyawasha mafuta yanayonyunyizwa ndani. Uchomaji huo huokoa mafuta, lakini pia huzaa masizi. Katika magari ya kisasa kama vile Mazda Demio ya dizeli ya lita 1.5, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2014, masizi hayo hunaswa na chujio lililo katika mfumo wa moshi.

Chujio hilo hujisafisha lenyewe. Kompyuta ya gari huongeza mafuta, joto la moshi likapanda hadi karibu nyuzi 600 za sentigredi na masizi yakateketea. Kazi hiyo huhitaji mwendo wa dakika kadhaa usiokatizwa. Anayetoka Nairobi kwenda Nakuru huenda asitambue kwamba imefanyika. Lakini anayetambaa kila asubuhi kutoka Rongai hadi katikati ya jiji, kisha akazima injini mara afikapo, huikatiza kila siku.

Matokeo yake ni kwamba masizi hurundikana, gari likapoteza nguvu na taa ya onyo ikawaka. Isitoshe, mafuta ya ziada ambayo hayakuungua huchuruzika na kuchanganyika na oili, nayo ikawa nyepesi mno kuweza kuilinda injini.

Hesabu nayo ina mafunzo. Tuseme gari la petroli huenda kilomita 15 kwa lita moja na la dizeli kilomita 20. Mwenye kusafiri kilomita 30,000 kwa mwaka ataokoa lita 500. Anayekwenda kilomita 6,000 pekee ataokoa lita 100 tu, na ukarabati mmoja wa turbo au wa vinyunyizio vya mafuta waweza kumeza akiba hiyo ya miaka kadhaa.

Kabla ya kununua

Gari likaguliwe injini ikiwa baridi. Muuzaji anayeipasha moto kabla ya mteja kufika huenda anaficha ugumu wa kuwaka.

Moshi nao husema mengi. Mweusi huashiria uchomaji mbaya wa mafuta. Wa samawati, oili inayoungua. Na mweupe usiokoma, mafuta yasiyoungua au maji ya kupoza injini yaliyopenya ndani. Kijiti cha kupimia oili pia kichomolewe. Oili iliyopita alama ya juu si dalili ya utunzaji mzuri, kwani huenda imechanganyika na dizeli.

Fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu aangalie kiasi cha masizi katika chujio. Ada yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Umiliki uthibitishwe katika rekodi za Mamlaka ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA), kwani gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa na jina la benki pia. Kwa wanaoagiza kutoka ng'ambo, sheria hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka 8.

Baada ya kununua

Oili iwe ile iliyotengenezewa injini zenye chujio la masizi. Oili nyingine huacha majivu mengi ambayo, tofauti na masizi, hayateketei. Ibadilishwe mapema zaidi kwa gari la mjini, na filta ya dizeli isisahaulike. Angalau mara moja kwa wiki, gari lipelekwe barabara kuu kwa nusu saa hivi.

Mafuta yanunuliwe katika kituo kinachoaminika. Dizeli iliyotiwa mafuta taa hukosa ulainishaji unaohitajiwa na pampu na vinyunyizio. Ni udanganyifu huo uliochangia serikali kuyatoza mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita mnamo Septemba 2018.

Baadhi ya mafundi hushauri chujio ling'olewe. Hiyo si tiba. Moshi huo huwarudia watembeao kando ya barabara na watoto waketio nyuma ya gari, na mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani.

Kwa msafiri wa masafa marefu, basi, gari dogo la dizeli lililotunzwa vyema ni nafuu ya kweli. Kwa mkazi wa jiji ambaye safari yake ni ya foleni, gari la petroli, hata likinywa zaidi, huenda ndilo litakalombakishia fedha mfukoni.