Tabibu Aliyelipa Ini Umri Wake Wote

Waswahili tukipatwa na huzuni kubwa husema kwamba jambo hilo limetukata maini. Wazee wetu walijua kuwa ini ni kiungo cha uhai, na kulijeruhi ni kuuhatarisha uhai wenyewe. Matabibu nao kwa miaka mingi waliogopa kulitia kisu, kwa kuwa limejaa mishipa, na damu ikianza kumwagika ni shida kuizuia. Kwa sababu hiyo wengi walioshikwa na saratani ya ini walirudishwa nyumbani wakangoje siku yao. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za Profesa Wu Mengchao wa Uchina, ambaye kwa miaka 60 na zaidi alitafuta njia ya kuwaokoa watu hao.

Wu Mengchao alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la Fujian. Alipokuwa na umri wa miaka 5 alivuka bahari pamoja na mama yake, wakamfuata baba yake Sarawak, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Huko alijifunza kugema mpira, kazi itakayo mkono mwepesi, maana kisu kikizama mno mti huumia.

Mwaka 1940, vita vya Japani vikiwa vimepamba moto nchini kwao, kijana huyu alifunga safari pamoja na wenzake warudi kuisaidia nchi yao. Walipofika Saigon, mji uliokuwa chini ya Wafaransa, wasafiri wa Kizungu walitia sahihi zao, lakini yeye na wenzake waliamriwa wapige alama ya kidole kama watu wasiojua kuandika. Alijua kuandika vizuri, na fedheha hiyo hakuisahau maisha yake yote. Njia ya kwenda vitani ilikuwa imefungwa, basi akashika njia ya elimu, na mwaka 1949 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Tongji.

Hapo alikutana na kizuizi kingine. Yeye alitaka kuwa mpasuaji, bali wakubwa walimpangia kutibu watoto. Kimo chake kilikuwa sentimita 162 tu, wakaona mtu mfupi hafai kusimama penye meza ya upasuaji. Wu hakukubali. Alitafuta nafasi kwingine, akaipata katika hospitali ya chuo cha udaktari wa jeshi mjini Shanghai.

Siku hizo upasuaji wa ini ulikuwa haujulikani sana Uchina, ijapokuwa maradhi ya ini yalikuwa mengi mno. Mwaka 1958 Wu na wenzake wawili waliunda kikundi cha watu watatu. Jambo la kwanza lilikuwa kujua mishipa ya ini inapita wapi, maana mpasuaji asiyeijua ni kama nahodha aingiaye kati ya miamba bila ya kuujua mkondo. Walijaribu kumimina vitu mbalimbali ndani ya mishipa ya maini ya maiti ili vigande na kuonyesha umbo lake, wasifanikiwe. Ndipo mwaka 1959 Mchina mmoja aliposhinda ubingwa wa dunia wa tenisi ya meza, na habari zake zikaenea kote. Wu akafikiri: vipira vile vya mchezo vimefanywa kwa seluloidi, je, ikiyeyushwa haitafaa? Wakavinunua, wakaviyeyusha, wakatia rangi, wakamimina katika mishipa. Kisha wakaiondoa nyama kwa tindikali. Kilichobaki ni mishipa mitupu iliyotawanyika kama matumbawe ya baharini.

Kwa kuyachungua maini mengi namna hiyo waliweza kuligawa ini katika sehemu 5 na vipande 4, na mpasuaji akajua pa kukata na pa kuepuka. Mwaka 1960 Wu alimtoa mgonjwa saratani ya ini kwa kisu, naye akapona. Mwaka huo huo alibuni njia ya kuizuia damu iingiayo katika ini kwa dakika chache, kisha kuifungulia, kisha kuizuia tena, bila ya haja ya kumpoza mgonjwa kwa barafu kama ilivyokuwa desturi. Mwaka 1963 alithubutu kukata sehemu ya katikati ya ini, mahali palipoogopwa kuliko pote. Mwaka 1975 alimtoa mtu uvimbe wa damu, usio wa saratani, wenye uzito wa kilo 18.

Ijapokuwa sifa zilimzunguka, moyo wake haukugeuka. Wakati wa baridi alikuwa akiipasha mikono yake moto kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwaka 2004, akiwa amepita miaka 80, aliletewa msichana mwenye uvimbe mkubwa ambaye hospitali nyingine zilimkataa. Wenzake walimwonya kwamba akifa mezani, jina lake litaharibika. Aliwajibu kuwa jina si kitu mbele ya uhai wa mtu. Akampasua, na msichana akapona.

Hata hivyo, yeye mwenyewe aliona kwamba kisu peke yake hakitoshi. Wagonjwa wengi walikuja wamechelewa, na kwa wengine saratani ilirudi baada ya kukatwa. Kwa ajili hiyo alijenga mjini Shanghai hospitali na taasisi ya utafiti wa ini, akawatuma wanafunzi wake ng'ambo wajifunze. Mwaka 1994 yeye na wenzake walitangaza katika jarida la Science majaribio ya chanjo ya kutibu saratani ya ini katika panya. Aliendelea kupasua hata baada ya kutimiza miaka 90, na kidole cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda kwa kushika vyombo vya kazi. Alistaafu mwaka 2019, akafariki tarehe 22 Mei 2021.

Wazazi, habari hizi si za Uchina tu. Homa ya ini aina ya B, ambayo ni mama wa saratani nyingi za ini huko, iko pia Afrika ya Mashariki. Chanjo yake imo katika ratiba ya watoto wachanga Kenya na Tanzania, msiache kuwapeleka. Aidha mahindi na karanga zilizoota ukungu huwa na sumukuvu, nayo pia huleta saratani ya ini. Zikausheni vyema, na zilizoharibika msizile.

Nanyi vijana, kumbukeni kwamba kazi hii ilianza kwa vipira vya mchezo, katika mikono ya mtu aliyeambiwa kuwa ni mfupi mno. Asiwepo miongoni mwenu wa kuiacha elimu kwa kuwa vyombo ni haba au kwa kuwa watu wamemdharau. Mgonjwa aliyerudishwa kwao bila ya tumaini angali anamngoja mtu wa kumhangaikia.